Meza Hatuinunui

Elibariki aliisoma orodha akiwa amesimama, kwa sababu ofisi haikuwa na kitu cha kukalia.

"Meza kubwa moja, yenye droo sita," alisema. "Kiti kimoja cha kuzunguka. Viti vinne vya sponji, vya wageni. Kabati moja la chuma, la mafaili. Zulia, kama litapatikana."

Wajumbe saba wa kamati walimsikiliza wakiwa wamekalia magunia matupu na madebe yaliyopinduliwa. Ilikuwa mwezi wa saba, mwaka 1985, na upepo wa baridi kutoka Mlima Kwaraa ulikuwa ukiingia kwenye dirisha lisilo na kioo. Vioo havikuwapo Babati, na Arusha havikuwapo pia. Sabuni yenyewe ilikuwa ya kupanga foleni, na misumari mtu aliipata kwa kibali chenye mihuri miwili, tena kama anajuana na mtu. Lakini ushirika ulikuwa umerudi. Serikali iliyouvunja mwaka wa sabini na sita, ikaliachia shirika la umma kazi ya kununua mazao, ilikuwa imeurudisha kwa sheria mpya, na wakulima wa Singe na majirani zao walikuwa wamechanga na kujiandikisha mpaka wakapata chumba hiki cha matofali ya kuchoma, upande wa Maisaka. Kilichobaki ni fanicha.

Elibariki alikuwa meneja wao wa kuajiriwa, kijana wa miaka ishirini na saba, mwenyeji wa Rombo, aliyesomea kazi hiyo Moshi. Shati lake jeupe lilikuwa limefuliwa kwa majani ya mpapai kama mashati ya watu wote, ila lake lilikuwa limepigwa pasi. Alipomaliza kusoma aliikunja orodha, akawatazama wajumbe kama mtu aliyemaliza kazi.

"Na mkulima?" aliuliza Genoveva.

Genoveva alikuwa mwanamke pekee kwenye kamati. Watu walimwita Mama Damasi, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, mfupi, mwenye mikono mipana ya kupura mbaazi, na alikuwa amekalia debe.

"Mkulima yupi, mama?"

"Anayeleta mazao. Nimesikia meza, nimesikia kiti cha kuzunguka, nimesikia mpaka zulia. Mkulima atakaa wapi?"

Elibariki aliifungua tena orodha, akaipitia. "Mkulima haji ofisini kukaa, mama. Anakuja kupima, anapewa stakabadhi yake, anakwenda zake."

"Miaka tisa tumesimama," Genoveva alisema. "Tumesimama kwenye dirisha la Shirika tangu asubuhi mpaka jua la jioni. Marehemu mume wangu, Fabiani, alisimama pale na homa, na zamu ilipomfikia karani akafunga dirisha akaenda kula. Fabiani akarudi nyumbani na magunia yake juu ya punda. Sasa tumejenga ofisi yetu, kwa fedha yetu, halafu wa kwanza kutafutiwa kiti ni wageni. Wageni gani hao?"

Mzee Romani, mjumbe kutoka Nangara, alicheka chini chini. Romani alikuwa seremala. Ufundi alifundishwa na mabruda wa misheni Dareda kabla ya Uhuru, na mpaka leo hakuna aliyeweza kuunga mbao kama yeye.

"Mama Damasi anataka nini, kwa mfano?" aliuliza mwenyekiti, Mzee Kasimiri. Kasimiri alikuwa mtu mpole sana, mwenye ng'ombe wengi na maneno machache, na maisha yake yote hakuwahi kubishana na mtu mwenye kalamu mfukoni.

"Mabenchi. Manne. Yenye egemeo."

"Yenye egemeo!" Kasimiri alishangaa. "Hata kanisani hatuna egemeo."

"Kanisani tunakaa saa moja na nusu, Mwenyekiti. Kwenye mizani tunakaa kutwa."

Walibishana mpaka chai ya rangi isiyo na sukari ikapoa. Mwishoni walipiga kura, watano kwa wawili. Kiti cha kuzunguka kilifutwa, viti vya sponji vikafutwa, na zulia halikuulizwa tena. Elibariki aliandika orodha mpya: meza moja, kiti cha kawaida, kabati, mabenchi manne. Aliandika kwa hasira, kalamu ikachana karatasi.

Kuandika ilikuwa kazi nyepesi. Elibariki alisafiri kwenda Arusha, akakwama njiani siku mbili kwa sababu basi lilikosa dizeli, na kule kiwandani akaambiwa alete kibali cha mkoa kisha asubiri miezi tisa. Akarudi akamwendea Romani. Romani akamwonyesha mbao alizokuwa amezihifadhi darini kwake, akamwambia zinatosha mabenchi mawili, meza haiwezekani mpaka baada ya Krismasi, maana ruhusa ya kukata mti nayo ina foleni yake.

Basi Alhamisi moja Elibariki alifika Singe kwa miguu, akamkuta Genoveva uani akipura mbaazi. Kijana alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kura.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umepata nini?"

"Nimepata kila kitu. Shirika wanauza mali chakavu. Meza, mabenchi, hata kabati. Hawataki kibali, hatusubiri, bei wameipanga chini. Jumamosi tunakwenda, tunalipa, tunabeba."

Genoveva aliuweka mti wa kupuria ukutani. "Mabenchi yana egemeo?"

"Sijayaona, mama," alisema Elibariki, akacheka. "Lakini ni mabenchi."

Jumamosi walikwenda wanne: Kasimiri, Elibariki, Romani na Genoveva. Shirika, kama watu walivyoliita kwa kifupi, lilikuwa lile shirika la umma lililonunua mazao yao tangu ushirika ulipovunjwa. Ghala lake lilikuwa kando ya barabara kubwa, si mbali na soko, na zamani lilikuwa ghala la ushirika. Hilo kila mtu alilijua, na kila mtu alikwisha kulihesabu kama maji yaliyomwagika.

Uani palikuwa na watu wengi wa siku ya soko, waliokuja kutazama tu. Vitu vilikuwa vimepangwa ukutani: matairi yaliyokwisha, taipureta isiyo na herufi nusu, makabati mawili yenye kutu, mabenchi mawili na meza moja kubwa nyeusi. Mbele yake alisimama msimamizi wa ghala, Ndugu Filbert, mtu mnene mwenye suti ya kaunda na ubao wa karatasi mkononi.

"Karibuni, karibuni ushirika," alisema. "Hii meza nimewawekea ninyi. Mninga mtupu. Elfu mbili na mia nane, na mabenchi mia tatu mia tatu. Dar es Salaam mngeipata kwa elfu kumi."

Elibariki alipitisha kiganja juu ya meza, akavuta droo, ikatoka bila kukwama. Macho yake yalimeremeta. "Imara kweli," alisema. "Mwenyekiti, unaionaje?"

Kasimiri alikuwa anaitazama meza kama mtu anayemtazama ng'ombe wake kwenye zizi la mwingine.

Romani naye alikuwa ameinama kwenye kona ya mguu, anapapasa mahali mbao mbili zilipokutana. Alipoinuka alimtazama Genoveva, na Genoveva akajua kwamba hakukosea.

Mwaka wa sitini na nane, ushirika wa kwanza ulipoanza, kaya thelathini na moja zilichanga mahindi kununua mbao za meza hii. Genoveva mwenyewe alibeba madebe matatu, kwa safari tatu. Romani aliitengeneza, pamoja na mabenchi mawili, kwa mwezi mzima bila msumari hata mmoja. Ilipokwisha, wazee walitaka kila kaya iliyochanga iwekwe alama yake, na kwa kuwa wengi hawakujua kuandika, kila mmoja alileta chuma chake cha kupigia ng'ombe chapa. Romani alilia kwamba wataiharibu meza yake. Wakakubaliana wapige chini, pasipoonekana.

Chuma cha kaya ya Fabiani bado kilikuwa nyumbani kwa Genoveva. Fabiani alipokufa, ndugu zake walikuja kukidai pamoja na ng'ombe, wakasema chapa ni ya ukoo na mwanamke hana chapa. Genoveva alikiweka motoni mbele yao mpaka kikawa chekundu, akawaambia, "Kichukueni." Walikwenda zao, na tangu siku hiyo hakuna aliyemgusa ndama.

"Ipinduliwe," alisema sasa.

"Nini?" aliuliza Filbert.

"Meza. Ipinduliwe tuone chini."

"Mama, hii ni mali ya umma, si kitoweo cha kugeuza geuza. Ukitaka, nunua. Ukishanunua, pindua mpaka uchoke."

Genoveva alivua viatu. Alikuwa amevaa kitenge chake kizuri, kile pekee, cha kwendea Misa, na vitenge wakati ule havikupatikana kwa fedha wala kwa dawa. Alikikusanya magotini, akaketi chini kwenye vumbi, akalala chali, akajisogeza chini ya meza mpaka ikabaki miguu yake tu nje. Watu wakacheka. Mwanamke mmoja wa sokoni akapaza sauti, "Jamani, huyu mama anaumwa!"

Kule chini palikuwa na giza na harufu ya panya. Genoveva alingoja macho yazoee, akafuta utando wa buibui kwa mkono. Halafu akaanza kuita.

"Mistari miwili na nukta. Anselmi wa Singe!"

Kicheko kilipungua.

"Mwezi mchanga. Mzee Herieli, Mungu amrehemu. Jembe na mstari, hiyo ya kina Bernadina. Duara lenye mkia, Yohana wa Bonga, aliyehamia Kiru." Sauti yake ilitoka chini ya mninga kama inatoka kisimani. Alizitaja moja moja, bila haraka, na kila alipotaja jina mtu fulani katika lile kundi aliguna, kwa kuwa alikuwa baba yake, au jirani yake, au yeye mwenyewe. "Msalaba uliolala. Huu ni wa Fabiani. Huu ni wangu mimi. Na hapa katikati pana pembe mbili na mstari chini yake. Pembe mbili na mstari, ni ya nani hiyo?"

Kila mtu wa Singe aliijua chapa hiyo. Ng'ombe mia wa Kasimiri walikuwa nayo mapajani.

Filbert alimgeukia mwenyekiti. "Mzee wangu, wewe ndiye kiongozi. Mwambie mama atoke, tumalize biashara. Au na wewe una la kusema?"

Kasimiri alivua kofia. Alitazama kalamu mfukoni mwa Filbert, akatazama nyayo za Genoveva zilizochomoza kwenye vumbi. Akakohoa.

"Ni yangu," alisema.

Alisema kwa sauti ndogo, watu wa nyuma wakaulizana kasema nini. Kasimiri akavuta pumzi, akarudia kwa sauti ambayo pengine hata mkewe hakuwahi kuisikia. "Pembe mbili na mstari ni yangu! Niliipiga kwa mkono huu!"

Genoveva alitoka chini ya meza, nywele zimejaa utando, kitenge kimechafuka mgongo mzima. Akajifuta uso. "Meza hatuinunui," alimwambia Filbert. "Mtu hanunui kilicho chake. Tunaibeba."

"Hambebi kitu!" Filbert alikuwa ameanza kutoka jasho. "Sikilizeni, msidanganyike na michoro ya ng'ombe. Mwaka wa sabini na sita mali yote ya ushirika ilikabidhiwa Shirika. Kisheria. Hati ya makabidhiano ninayo ndani, ina sahihi."

"Naomba tuione," alisema Elibariki.

Mpaka hapo meneja alikuwa amesimama kando, amefadhaika, mkoba wenye fedha za chama umebanwa kwapani. Alikuwa amekuja kununua meza, akajikuta kwenye ugomvi. Lakini neno hati lilimwamsha. Filbert aliingia ofisini, akarudi na faili la kahawia, akampa kwa fahari. Elibariki alisoma ukurasa wote, akarudi juu, akausoma tena, kidole kikifuata kila mstari.

"Mizani ya kilo mia mbili, moja," alisoma kwa sauti. "Magunia mapya, mia nne. Kasiki ya chuma, moja. Baiskeli, moja. Taa za karabai, mbili. Makopo ya wino, matano." Akainua uso. "Ndugu Filbert, meza haimo."

"Haimo vipi?"

"Haimo. Mabenchi pia hayamo."

Romani alipiga makofi mara moja. "Nakumbuka!" alisema. "Yule karani wao alikaa pale pale kwenye meza siku nzima, akaandika kila alichokiona. Meza aliyoandikia hakuiona!"

Watu walilipuka kwa kicheko, na safari hii hawakumcheka Genoveva. Elibariki hakucheka. Alifunga faili taratibu, akamrudishia mwenyewe. "Kama haimo kwenye makabidhiano, haimo kwenye vitabu vyenu," alisema. "Na kama haimo vitabuni, unaiuzaje, na fedha yake ingeingia wapi?"

Ilikuwa miaka miwili tu tangu ile operesheni ya wahujumu uchumi, watu walipochukuliwa majumbani kwa sababu ya mifuko ya sukari. Swali kama hilo, mbele ya watu mia, halikuwa la mchezo. Filbert aligeuka rangi. Akampigia kelele mlinzi amwite polisi.

"Mwite," alisema Genoveva, akaketi juu ya meza.

Alikuja koplo mmoja kwa baiskeli, akawachukua Genoveva na Elibariki kwa miguu hadi kituoni, Filbert na watu wengine wakiwafuata. Mkuu wa kituo alikuwa mtu wa makamo mwenye macho ya kuchoka. Aliwasikiliza wote, Filbert akisema zaidi.

"Mama," aliuliza mwishoni, "unalalamikiwa kumzuia mtumishi wa umma kufanya kazi yake. Unasemaje?"

"Mzee, nilikuwa nimelala chini ya meza. Aliyelala chini anamzuiaje aliyesimama?"

Mkuu wa kituo alijishika kidevu kuficha tabasamu. Akawaweka kwenye benchi mpaka jioni, labda ili Filbert aridhike, halafu akatoa uamuzi. Suala litapelekwa wilayani. Mpaka jibu litoke, meza na mabenchi visiuzwe, na visiondolewe mahali vilipo.

Walipotoka nje, Elibariki alikuwa ameinamisha kichwa. "Wilaya yenyewe mpya, mama. Hata wao hawana meza za kuandikia jibu. Tutangoja mwaka."

Genoveva alikuwa anafikiri. "Amesema isiuzwe," alisema, "na isiondolewe. Hakusema isikaliwe."

"Sijakuelewa."

"Jumatatu njoo na leja yako na muhuri. Tutafungua ofisi pale uani."

Elibariki alisimama katikati ya njia. "Mama Damasi, nitafukuzwa kazi!"

"Na nani? Sisi ndio tuliokuajiri."

Jumapili nzima Elibariki hakuonekana Singe. Waliomwona kanisani kwa Walutheri walisema alikaa nyuma na hakuimba. Genoveva alilala vibaya, akijilaumu kwamba amemtwika mtoto wa watu mzigo usio wake. Lakini Jumatatu saa moja na nusu, alipofika kwenye ghala, alimkuta Elibariki amekwisha kufika. Shati jeupe limepigwa pasi, leja imefunguliwa juu ya meza nyeusi, muhuri kulia, kidau cha wino kushoto. Alikuwa ameketi kwenye jiwe, kwa sababu kiti hakikuwapo.

"Nimeomba ruhusa kwa Mwenyekiti," alisema bila kuinua macho. "Ameandika kwa mkono wake mwenyewe."

Basi chama cha ushirika kikafungua ofisi uani kwa Shirika, pale pale mbele ya dirisha waliposimama miaka tisa. Wanachama walikuja wakakaa kwenye mabenchi mawili kwa zamu, wakaandikishwa, wakalipa viingilio, wakauliza bei ya mbaazi. Siku ya kwanza waliandikishwa kumi na wanne. Siku ya pili, thelathini na wanne, na baadhi yao hawakuwa na haja ya ushirika, walitaka tu kukaa mahali ambapo Filbert angewaona. Wengine walitambaa chini ya meza kutafuta chapa za baba zao.

Siku ya tatu Filbert alifunga lango kwa kufuli. Wanachama wakakaa nje ya lango, kimya, kwenye majani. Saa nne lori la Shirika lililokuwa ndani likahitaji kutoka kwenda kuchukua mahindi. Dereva akapiga honi mpaka Filbert akaja na ufunguo, na lango lilipofunguka lori likatoka polepole huku wanachama wakiingia upande wa pili, wakimsalimia. "Shikamoo, Ndugu Filbert. Umeamkaje, Ndugu Filbert." Tangu hapo hakufunga tena.

Haikuwa furaha tupu. Mjumbe mmoja wa kamati alijiuzulu, akasema hataki kuonekana mpinga serikali. Siku ya tano afisa mmoja kutoka wilayani alisimamisha Landrover, akamwita Genoveva pembeni, akamwambia kwamba jina lake limeandikwa mahali, na kwamba mwanawe Damasi, aliyekuwa mwalimu, alikuwa anangojea uhamisho wa kurudi karibu na nyumbani, sivyo? Damasi alikuwa Lindi, mwaka wa nne huo.

"Ndiyo, anangojea," alijibu. "Mwambieni aendelee kungoja. Sisi tumezoea."

Akarudi kwenye meza, akakaa. Uhamisho ule ulichelewa miaka mitatu zaidi. Alipokuwa akiulizwa baadaye kama anajuta, alisema anajuta kila alipomkumbuka mwanawe, na kwamba hata hivyo angefanya vile vile.

Barua ilitoka siku ya kumi na moja. Ilisema chama kiruhusiwe kuchukua meza moja na mabenchi mawili "kwa muda, wakati suala hilo likiendelea kuchunguzwa." Elibariki aliisoma akakunja uso. "Kwa muda," alisema. "Hii si haki. Tusisaini."

"Saini, mwanangu," alisema Genoveva. "Waandike wanavyotaka. Meza haijui kusoma."

Suala halikuchunguzwa kamwe.

Wanaume wanane waliibeba. Kasimiri, ambaye ujasiri wake ulikuwa bado mchanga, alipendekeza wapite njia ya nyuma ya nyumba, wasiwaudhi wakubwa. Genoveva akatangulia mbele. Wakapita barabara kubwa, katikati, saa tano ya mchana, meza mabegani kama jeneza la mtu aliyefufuka, wanawake nyuma na mabenchi kichwani, wakiimba. Walipopita mbele ya ofisi za wilaya makarani walitoka barazani kutazama. Nyuma yao basi la Singida lilipiga honi, likapiga tena. Genoveva, aliyekuwa mbele peke yake, hakugeuka wala hakuharakisha, na basi likawafuata taratibu kama sehemu ya msafara mpaka kona ya Maisaka.

Walipofika ofisini waliishusha, wakafuta jasho, wakainua tena. Meza ikagota mlangoni. Wakaigeuza ubavu, ikagota. Wakaitanguliza miguu, ikagota. Upana wake ulizidi mlango kwa shubiri nzima.

Wakasimama wakitazamana. Mtu mmoja akasema labda ingebaki nje tu, chini ya turubai. Mwingine akasema Romani aikate katikati, kisha aiunge ikiwa ndani, ufundi si anao? Romani alijibu kwamba atakayeleta msumeno karibu na meza ile ataanza kumkata yeye.

Macho yote yakamwendea Genoveva. Yeye aliingia ndani, akautazama ukuta, akagonga matofali kwa kiganja kando ya mwimo wa mlango, kulia na kushoto, akisikiliza. Kisha akatoka.

"Bomoeni," alisema.

"Ukuta mpya, Mama Damasi!" alisema Kasimiri. "Hauna hata miezi minne. Tuliomba saruji miezi sita!"

"Ni ukuta wetu, Mwenyekiti. Tutaujenga tena."

Elibariki ndiye aliyeweka mkoba chini, akavua shati lake jeupe, akalikunja vizuri na kulikabidhi kwa mama mmoja aliyesimama karibu. Akaokota nyundo ya Romani, akalipiga tofali la kwanza.